Maharage ya kambini na wajuaji wa majani

Jamani, nani aliwaroga wapishi wa kambini? Maharage yananuka moshi, mchuzi wenyewe kama maji ya kuogea bata, kitunguu kimepita juu ya sufuria kikasalimia tu kikaondoka. Chumvi? Leo bahari, kesho hakuna kabisa!

Basi tunajiongeza. Jioni watu wazima na vitambi vyetu tumeinama vichakani tunachuma mnavu na mlenda pori. Hapo ndipo anapojitokeza yule mjuaji. Kila kambi inaye! Anarudi na fungu la mgagani, hauchemshi kwanza amwage maji machungu, hana tone la maziwa wala karanga za kuupoza. Anautumbukiza mzima mzima, na vijiti vyake. Ukionja, uso unajikunja wenyewe. Ukilalamika: "Dawa hiyo, inasafisha damu." Nani kakwambia damu yangu chafu?

Mwingine kaleta kivumbasi. Kivumbasi, ndugu zangu! Jani la kufukuzia mbu, leo limo kwenye mchuzi. Mbu hawakuja kweli, ila na sisi hatukula.

Na ndimu za kukolezea mchuzi zinauzwa hapo hapo barabarani!