Vaa Suruali, Umedakwa

Naandika mwenyewe kabla stika hazijamfikia mama Tanga, maana kuna mtu, na anajijua, ameshatangaza kwenye grupu kwamba nimekamatwa na polisi wa London nikiwa uchi wa mnyama. Uongo mtupu. Sikukamatwa. Na nilikuwa na boksa.

Chanzo ni babu mmoja kazini (mnaojua nafanya kea mnaelewa, wale wazee TV yao haizimwi). Siku hiyo wanaangalia Inspector Morse, ile tamthilia ya mpelelezi, mi nikasema huyu mzee nampenda, mpole, anasikiliza muziki wake taratibu. Babu akacheka mpaka akapaliwa na chai. Akaniambia wewe humjui John Thaw, huyo anayeigiza Morse, kamtafute kwenye The Sweeney, tamthilia yake ya zamani ya polisi, ndo uje tuongee. Wiki ileile nikaikuta duka la mitumba, boksi zima la diski, pauni 3.

Jamani. Kumbe yule mpole mwaka 1975 alikuwa Jack Regan, askari wa Flying Squad, kile kikosi cha kuwinda majambazi wa silaha, anavuta sigara kama treni, analewa, anagombana na bosi wake Haskins, na mkono wake unatangulia mdomo. Pembeni yake George Carter, Dennis Waterman huyo, bado kijana kabisa. Thaw mwenyewe ndo kwanza ana miaka 30 na kitu ila ukimwangalia usoni unaona mtu aliyekula chumvi nyingi. Na hawajifungii studio hawa, kamera iko barabarani, London chafu, kuta zimebanduka rangi, Jaguar ya majambazi mbele, Ford ya Regan nyuma matairi yanalia, halafu mi nasogea karibu na skrini, ngoja kwanza, hii si Hammersmith? Hapa si ninapopandia basi? Kumbe Euston Films walioitengeneza makao yao yalikuwa hukuhuku kwetu.

(Mnaouliza jina: nilidhani Sweeney ni mtu. Ni kimtaa cha London, wanatafuta neno linaloendana vina, Sweeney Todd kwa Flying Squad, halafu wanakata mkia. Sisi tunasema njagu tunamaliza.)

Sehemu ziko 53. Nikaapa likizo yangu ya wiki moja haiishi kabla yake.

Sasa Jumamosi. Joto, madirisha wazi. Nimetoka kusonga ugali, mwiko bado mkononi, nimejifunga msuli, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari niko video koli na huyohuyo mbeya wa grupu, yuko mji wa Reading. Kuna sehemu Regan anamvamia jambazi kitandani anamwambia vaa suruali, umedakwa. Kwa ile lafudhi yao sasa, ya kumeza herufi. Mi nikaitaka ile lafudhi. Nikajaribu mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya kumi na ngapi sijui, huyu bwana ananipa maksi, "bado, unasikika kama mchungaji". Nikapanda juu ya kochi. Sauti ya TV mwisho, risasi zinarindima, mi juu namwamuru mto wa kochi uvae suruali.

Mlango ukagongwa. Kwenye TV nako mlango unagongwa, nikajua ni wa kwao. Ukagongwa tena. Nikasema aah, dogo wa mizigo huyu, ngoja nimfurahishe. Nikaruka kutoka kwenye kochi, mwiko nimeushika kama bastola, nikafungua kwa nguvu na kwa mapafu yote aliyonijalia Mungu nikapiga ukelele: VAA SURUALI, UMEDAKWA!

Polisi wawili. Wa kweli.

Mama mmoja wa makamo na kijana mashavu laini. Naikumbuka redio kifuani kwa yule mama, kitaa chekundu kinawaka kinazima, kinawaka kinazima. Macho yake yakatoka usoni kwangu, yakaenda kwenye mwiko, yakaganda hapo. Nami nikautazama. Kwenye ncha kulikuwa na tonge la ugali linaning'inia, na sote tulikuwa tunaona kabisa linaelekea wapi. Likaachia. Pwa, juu ya kiatu cha serikali.

Nikasema "samahani afande", kwa Kiswahili, nikainama nifute. Ndugu zangu, mtu akiwa ameukanyaga msuli wake mwenyewe asiiname na asiinuke, abaki hivyohivyo mpaka kiyama. Mi niliinuka. Haukudondoka ghafla, ningeshukuru. Uliteremka polepole kama bendera saa kumi na mbili jioni, na sote watatu tukasimama kimya, wima, kama inavyotakiwa. Boksa ina mananasi.

Yule kijana akakohoa kidogo, akaniambia kwa heshima zote, "Bwana, tuanze na ya kwako."

Yaliyobaki ni mafupi. Waliingia, wakakagua chumbani na chooni kumtafuta mtu anayepigwa, wakamkuta Regan, wakaondoka, nikawasikia wanacheka ngazi nzima. Aliyepiga simu ni bibi wa chini, tangu saa sita anasikia mwanaume wa lafudhi asiyoijua anamtesa mtu asiye na suruali. Akapanda kuomba radhi, akasikia muziki wa mwisho unapigwa, akashika kifua, eti alikuwa haikosi enzi zake. Akaazima diski moja.

Ndo nikakumbuka simu. Ipo palepale kwenye kopo la sukari, jamaa katulia tuli, hata kupumua hapumui. Nikamuuliza umeona? Akasema, "Picha zimetoka safi."

Leo siku ya nne bibi hajarudisha diski, ndo ile yenye sehemu niliyoishia. Jana nilisimama nje ya mlango wake dakika nzima nimevaa jinzi na mkanda, nikasikia risasi ndani, nikarudi zangu juu.