Je, mwalimu wa darasa la tatu anahitaji shahada?

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilipozinduliwa hapa Dodoma mwanzoni mwa 2025, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya miaka: elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima inapanda hadi miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mwalimu atakayeibeba miaka hiyo kumi amezungumzwa kwa uchache. Hata hivyo lipo pendekezo linalorudi kila mara katika semina na katika ofisi za elimu za halmashauri, kwamba umefika wakati wa kumwandaa mwalimu wa shule ya msingi kwa shahada, badala ya cheti cha Daraja la Tatu A kilichozoeleka kwa miongo mingi, au stashahada ambayo sasa ndiyo mwelekeo. Majirani wameshaamua. Uganda, kwa sera yake ya walimu ya 2019, ilichagua shahada kwa kila mwalimu, hata wa awali. Kenya ilisimama ngazi moja chini, ikaachana na cheti cha P1 na kuanza kudahili kwa stashahada mwaka 2021. Finland, inayotajwa katika kila mjadala wa aina hii, humtaka mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada ya uzamili tangu 1979, lakini nadhani mfano wa Finland hutusaidia kidogo kuliko tunavyopenda kuamini, kwa sababu nchi hiyo haijawahi kupokea wanafunzi wa darasa la kwanza kwa wingi unaotukuta sisi.

Wingi huo ndio hoja ya kwanza ya wanaotaka shahada, na ni hoja yenye historia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua kwamba kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na kwa kuwa vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walikusanywa kwa makumi ya maelfu wakajifunza ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kati ya 2002 na 2006, mafunzo ya cheti yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni, ambako mara nyingi mwalimu huyo tarajali alipewa darasa zima kana kwamba amekwisha kuhitimu. Upande wa sekondari, katika miaka hiyohiyo ya 2000, walikuja walimu wa leseni, yaani vijana waliomaliza kidato cha sita na kupewa kibali cha kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache tu, ambao mitaani walibandikwa jina la "voda fasta". Januari 2016 ukaja utaratibu wa elimu bila ada, na madarasa ya kwanza yakafurika upya. Kila mara wimbi la watoto lilipokuja, kilichopunguzwa ni muda wa kumwandaa mwalimu. Watetezi wa shahada wanasema kwamba ngazi ya chini ikishapandishwa kisheria hadi shahada, hakuna waziri atakayeweza tena kuifupisha iwe mwaka mmoja kwa sababu ya haraka.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu mshahara na heshima. Katika ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, mwalimu wa cheti huanzia TGTS B, wa stashahada TGTS C, na wa shahada TGTS D. Mwalimu hodari wa darasa la pili anayetaka kupanda ngazi hujiendeleza, mara nyingi kupitia Chuo Kikuu Huria, na kwa kuwa shahada zinazopatikana kwa wingi ni za masomo ya sekondari au za uongozi na mipango ya elimu, anasoma hizo. Akimaliza anaomba kubadilishiwa muundo wa utumishi, yaani cheo na mshahara unaolingana na shahada yake, na haichukui muda mrefu kabla hajaomba pia kuhamia sekondari au ofisini. Shule ya msingi imekwisha kumpoteza, na imempoteza kwa sababu alikuwa mzuri. Kama ingekuwapo shahada ya ualimu wa msingi yenyewe, inayotambulika katika muundo wa utumishi na inayomlipa mtu akiwa palepale darasani kwake, kujiendeleza kusingekuwa mlango wa kutokea. Sijaona jibu la kuridhisha kwa hoja hii kutoka upande wa pili.

Upande wa pili nao una mambo yake, na la kwanza limeshaonekana kwa vitendo. Mwaka 2017 na 2018 walimu wa ziada wa masomo ya sanaa walihamishwa kutoka sekondari kwenda shule za msingi, ambako upungufu ulikuwa mkubwa. Wengi wao walikuwa na shahada. Kwa hesabu za ikama, yaani idadi ya walimu kwa nafasi zao, kiwango cha elimu cha walimu wa msingi kilipanda, lakini mtu aliyesomea kufundisha historia kidato cha tatu hakuwa amefundishwa popote jinsi ya kumsaidia mtoto wa miaka saba kuunganisha sauti za herufi ziwe silabi, na silabi ziwe neno, wala jinsi ya kugundua kwamba mtoto anayesoma ukurasa wote bila kukosea huenda ameukariri tu. Ujuzi huo unajitegemea na una mbinu zake. Hauji wenyewe kwa kuwa mtu ana cheti kikubwa zaidi. Tathmini za shirika la Uwezo, zilizoanza 2010 kwa kuwapima watoto majumbani, zilipoonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, hatua iliyochukuliwa ilikuwa kurekebisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili ujikite katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuwapa walimu wa madarasa hayo mafunzo mafupi ya KKK. Dodoma ilikuwa pia miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014, uliowafuata walimu shuleni kwao. Walioona kazi hiyo kwa karibu wana haki ya kuuliza kwa nini fedha zisielekezwe huko, na katika mafunzo endelevu kazini ambayo sasa tunayaita MEWAKA, badala ya kuwalipia watu miaka mitatu ya nadharia.

Suala la mazoezi linawapa nguvu zaidi. Vyuo vya ualimu vya zamani vya kanda hii, kama Mpwapwa, Bustani kule Kondoa na Kinampanda mkoani Singida, viliendeshwa kwa imani kwamba ualimu wa msingi hujifunzwa kwa kuwa karibu na watoto. Mwalimu tarajali aliandaa somo, akalifundisha, akakosolewa, akalirudia. Vyuo vikuu vyetu vimekua kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanzishwa 2007, ni kati ya wazalishaji wakubwa wa walimu nchini, lakini sehemu kubwa ya wanafunzi wake wa ualimu wanaandaliwa kwa sekondari, na mazoezi yao ya kufundisha ni ya wiki chache, ambamo mhadhiri hupita kumtazama mwanafunzi mara moja au mbili, akajaza fomu na kuwahi shule nyingine. Shahada ya ualimu wa msingi ikiwekwa katika mfumo huo bila kubadilishwa, itampa mhitimu jina na kumnyima kazi ya mikono. Kuna pia swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: ni wahadhiri wangapi waliowahi kushika darasa la kwanza?

Halafu kuna lugha. Cheti cha Daraja la Tatu A kilifundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu alikwenda kufundisha kwa Kiswahili. Stashahada na shahada hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tutamfundisha mtu kwa Kiingereza namna ya kuwafundisha watoto kusoma Kiswahili, lugha ambayo uandishi wake unafuata sauti kwa uaminifu, tofauti kabisa na Kiingereza, na vitabu vingi vya nadharia atakavyosoma vitazungumzia matatizo ya watoto wanaojifunza tahajia ya Kiingereza. Atalazimika kujitafsiria peke yake. Lakini jambo hilihili linaweza kusomwa kwa kuwatetea wa upande wa shahada. Katika wilaya ya Chemba wapo watoto wanaofika shuleni wakizungumza Kisandawe au Kiburunge, Kondoa wapo wa Kirangi, na Bahi na Chamwino vijijini wapo wengi ambao Kigogo ndicho wanachokiota. Mwalimu wa watoto hao anahitaji kujua jinsi lugha ya pili inavyopatikana, jambo ambalo miaka miwili ya cheti, iliyojaa masomo yote ya shule ya msingi pamoja na mbinu zake, haikuwa na nafasi ya kulifikia. Shahada ingekuwa nayo, kama ingeandaliwa na watu wanaovijua vijiji vya Chemba kama Kwa Mtoro na Farkwa.

Kuhusu gharama nitapita haraka, kwa kuwa zinafahamika. Mhitimu anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Wapo wahitimu wa ualimu wa tangu 2015 ambao wamesubiri ajira kwa miaka. Na sasa kupata ajira hiyo kunapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Kumwongezea mtu mwaka wa masomo na deni kabla ya foleni hiyo si jambo dogo. Wala hatuwezi kusahau kilichotokea hapahapa UDOM Mei 2016, pale wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA walipoamriwa kurudi nyumbani baada ya wahadhiri kususia vipindi vyao, na baadaye sehemu kubwa ya waliorejeshwa wakapelekwa katika vyuo vya ualimu. Nia ya programu ile ilikuwa njema. Ilipachikwa juu ya chuo kikuu bila kukubaliana kwanza nani atafundisha na kwa malipo gani.

Nikiyapima haya, naona pande zote mbili zinabishana juu ya mwalimu mmoja ilhali wapo wawili. Mwalimu wa awali hadi darasa la tatu anahitaji zaidi stashahada imara, inayofundishwa kwa Kiswahili, yenye mazoezi marefu chini ya mkufunzi aliyewahi kufundisha madarasa hayo, na muundo wa mshahara usiomwadhibu kwa kubaki huko. Mtu akitaka kuipandisha stashahada hiyo iwe shahada baadaye akiwa kazini, apandishe katika fani yake hiyohiyo. Kwa hiyo swali lililo juu ya makala hii nalijibu kwa hapana, angalau kwa sasa.

Mwalimu wa pili ni wa darasa la nne hadi kidato cha pili, na hapo ndipo hoja ya shahada inaponishawishi. Kipindi hicho ndicho mtoto anapokutana na upimaji wa darasa la nne, mtihani wa kumaliza msingi na upimaji wa kidato cha pili. Ndicho anapovuka kutoka kujifunza kwa Kiswahili kwenda kujifunza kwa Kiingereza, ghafla, ndani ya likizo moja. Na ndicho ambacho hakuna chuo kinachomwandaa mwalimu wake kwa ujumla. Mwalimu wa msingi anaishia upande huu wa mto na wa sekondari anaanzia ng'ambo, na mtoto anavuka peke yake. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita hajui istilahi zinazomngoja mwanafunzi wake kidato cha kwanza, na mwalimu wa baiolojia wa kidato cha kwanza hajui kwamba photosynthesis mtoto aliiita usanisinuru mwaka jana. Zamani, kabla na muda mfupi baada ya uhuru, tulikuwa na shule za kati za darasa la tano hadi la nane; sipendekezi zirudi, ila zinakumbusha kwamba umri huo uliwahi kuhesabiwa kuwa hatua yenye mahitaji yake. Afrika Kusini hugawa shahada za ualimu kwa hatua, mmoja akisomea darasa la nne hadi la sita, mwingine la saba hadi la tisa. Shahada yetu ingeweza kuunganisha hatua hizo mbili, ikimfundisha mtu masomo mawili kwa kina katika lugha zote mbili, nusu ya mazoezi yakifanyika shule ya msingi na nusu sekondari.

Kikwazo kikubwa cha pendekezo hili kipo katika mafaili kuliko katika vyuo. Kila halmashauri ina Afisa Elimu Msingi na Afisa Elimu Sekondari, kila mmoja na ikama yake, uhamisho wake na ruzuku yake, na mwalimu anayemilikiwa na ofisi mbili kwa desturi yetu hamilikiwi na yeyote. Hadi TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, na Tume ya Utumishi wa Walimu, ambazo zote makao yake yako hapa Dodoma, zikubaliane mhitimu wa namna hiyo ataandikwa wapi, chuo kitakachoanzisha programu hii kitakuwa kinawaandaa watu kwa kazi ambayo haimo katika muundo. Muda nao haungoji. Waliokuwa darasa la tatu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza darasa la sita 2027 pamoja na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, na makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu, kwa hiyo hata mwanafunzi aliyeanza chuo kikuu Oktoba 2025 atakuwa bado hajahitimu siku hiyo. Watakaowapokea watoto hao ni walimu waliopo, na mafunzo yao ya kuvukisha lugha, kama yatatolewa, yatapaswa kuwa ya kazini.