Joka la Posta Litalishwa na Nani?

Waandishi wengi wa hadithi za fantasia hulimaliza suala la barua kwa sentensi moja tu: mfalme anaandika ujumbe, ndege anafungwa karatasi mguuni, na kesho yake jibu limefika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulimwengu waliouumba huanza kuvuja, kwani posta yoyote ile, hata ya kichawi, husimama juu ya vituo, malisho na mtu wa kulipa.

Tuanze na njiwa. Yeye haendi popote anapotumwa. Anachokijua ni kurudi kwao. Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870, njiwa wa mji walitolewa nje kwa maputo, kisha wakarudi na jumbe zilizopigwa picha na kupunguzwa mno ili nyingi zienee kwenye kipande chembamba cha filamu. Kwa hiyo ngome inayotaka kutuma habari kwa majirani saba inahitaji njiwa wa majirani wote saba, na kila anayerushwa hupunguza akiba mpaka mtu alete wengine. Huyo mtu wa mkokoteni, anayezunguka milki nzima na matundu yake huku akijua ni bwana yupi amebakiwa na ndege mmoja tu, ndiye mhusika ninayemtamani, na sijui kwa nini waandishi humpita wakikimbilia wachawi.

Majoka nayo hula na kuchoka. Wamongolia walipoendesha mtandao wao wa matarishi, mpanda farasi alibadilisha mnyama kituoni na kuonyesha kibao cha amri kilichompa haki ya kupewa farasi na chakula, na mzigo huo uliwaangukia wakazi wa jirani. Kijiji kinachodaiwa ng'ombe kila joka la serikali linapotua hakitalishangilia.

Kuhusu malipo, nchini Uingereza kabla ya mageuzi ya mwaka 1840 mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji, na wapo waliokwepa ada kwa kuweka alama za siri juu ya barua. Hebu fikiria mama maskini anayeigeuza bahasha mlangoni, akaona duara dogo pembeni, akamrudishia tarishi bila kuifungua: mwanawe ni mzima, na posta imekula hasara.

Tatizo kubwa zaidi ni wachawi wanaozungumza kwa mawazo. Huduma ya farasi ya Pony Express, iliyovuka magharibi ya Marekani kwa takriban siku 10, ilianza Aprili 1860 na kufungwa Oktoba 1861, mara tu njia ya simu ya maandishi (telegrafu), iliyopeleka ujumbe kwa waya, ilipokamilika. Mwandishi anayewapa wachawi wake uwezo huo hana budi kueleza kwa nini bado kuna tarishi anayekimbia na habari za vita usiku. Vifurushi, angalau, vitabaki kuwa kazi ya majoka, maana jozi ya viatu haitumwi kwa mawazo.