"Si alishapasuliwa? Anaumwa nini tena?"

Jumapili tulikaa kuchangishana nauli ya dada yangu kwenda kliniki ya moyo Dar. Mjomba, aliyeuza korosho zake mwaka ule wa upasuaji bila kuombwa mara mbili, akauliza swali hilo hapo juu. Dada aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya mbaazi kwenye ungo. Hakujibu. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mjomba, shikamoo, na uniwie radhi. Dada haumwi. Dada ana valvu ya chuma kifuani, yaani mlango wa bandia ndani ya moyo. Umeme ukikatika usiku, feni ikanyamaza, ukiwa karibu naye unaisikia: tik, tik, tik, kama saa iliyofungwa ndani ya kanga.

Damu ikikutana na kitu kigeni hutaka kuganda. Bonge likishika pale, valvu inakwama. Likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Ndiyo maana anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, na ataimeza maisha yake yote. Lakini wafarini ikizidi, anavuja damu, hata ndani ya ubongo. Kinachotuambia amesimama wapi ni kipimo cha INR tu: namba ikipanda, damu inachelewa kuganda; ikishuka, inaganda upesi. Mimi na wewe tukipimwa tutasoma karibu 1, yeye anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Na namba hiyo haitulii. Wiki akila kisamvu sana inashuka. Hajakatazwa kisamvu, ila kiasi kisipande na kushuka. Akiuziwa metronidazo ya tumbo duka la dawa, inapanda.

Mwaka jana alikwenda kupima karibu na nyumbani, akaambiwa vitendanishi vimeisha, arudi wiki ijayo. Akarudi, jibu likawa lilelile. Miezi miwili akameza dawa kwa kubahatisha. Asubuhi moja mswaki ukatoka mwekundu, na pajani palikuwa na doa la zambarau pana kama kiganja. Alipopimwa hatimaye alikutwa na 7. Nilimshika mkono njia nzima nikiogopa hata basi likiruka tuta.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwepo tangu 2015, na sasa Watanzania wengi wanapasuliwa moyo hapahapa nchini badala ya kupelekwa India. Naishukuru kwa moyo wote. Lakini siku ya kutoka wodini siyo siku ya kuhesabu ushindi. Najua hospitali za wilaya zina upungufu mwingi, na wenye valvu za chuma huku kwetu ni wachache. Sawa. Ila ipo mashine ndogo inayotoboa kidole na kutoa jibu kwa dakika chache. Iwepo kila wilaya ya Mtwara na Lindi, na vitendanishi vyake visikauke. Kumsafirisha mtu kutoka Mtwara hadi Dar, zaidi ya kilomita 550, kwa tone la damu ni kumchosha mpaka aache kwenda, na akiacha tunamzika.

Mengine ni yetu nyumbani. Asing'olewe jino kabla daktari hajampa dawa ya kuzuia maambukizi kwenye valvu. Homa isiyoeleweka isisubiriwe. Akitaka mtoto, aanze kwa daktari wake, maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jana usiku mjomba alimpigia dada simu. Hakuuliza habari ya nauli. Aliuliza, "Hiyo namba yako inatakiwa isome ngapi vile?" Dada akamtajia, naye akamwambia asubiri atafute kalamu.