Tiketi ya Bure, Bia ya 40,000

Jamani, hili neno "bure" nani alilileta mjini? Mtu anakwambia kusanya maili, yaani pointi za zawadi za shirika la ndege, panda ndege bure, nenda kanywe bia Ulaya. Anavyolitamka utadhani daladala ya Mbagala imeongezewa ruti hadi Ubelgiji.

Haya, tupige hesabu. Flying Blue, mpango wa KLM na Air France, humpa mwanachama wa ngazi ya chini maili 4 kwa kila yuro 1 ya nauli, tena kodi za uwanja hazihesabiwi. Tuseme kiti kinatakiwa maili 30,000 kwenda tu. Gawa kwa 4: yuro 7,500. Yaani ukishawalipa nauli ya yuro 7,500 ndipo wanakupeleka bure. Kurudi utajijua. Na hiyo 30,000 si bei ya kudumu, inapanda na kushuka kama nyanya za Kariakoo. Kila mwezi hutoa punguzo la maili kwa safari chache, wanaliita Promo Rewards. Hilo ndilo la kuvizia. Ukikaa miezi 24 bila kuruka nao, maili zinaweza kufa, na hakuna hata matanga.

Ndugu zetu wa Marekani wana nafuu. Wakinunua mchele, kadi inaingiza pointi. Waking'olewa jino, pointi. Halafu wanazihamishia shirika la ndege. Ila nao waambiwe: usihamishe kabla hujakiona kiti kwa macho yako. Pointi zikishavuka kutoka benki hazirudi, kama mchango wa harusi iliyovunjika. Na kiti kikipatikana, bado kuna kodi na ada za shirika, mamia ya dola kwenda na kurudi. Ndiyo bure yenyewe hiyo.

Jambo moja tu nawasifu Flying Blue: kila upande wa safari una bei yake. Kwa hiyo usikate kwenda na kurudi mji mmoja kama anayekwenda msibani. Ingia kwa Prague, Ucheki, toka kwa Brussels, Ubelgiji, katikati panda treni. Tena Flying Blue hukuruhusu kukaa Amsterdam au Paris zaidi ya saa 24 ukiwa njiani, bila maili za ziada.

Sasa viza. Ya Schengen, moja kwa nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90, wakikunyima hazirudi. Bima ya kufidia angalau yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Na hapa ndipo walevi wengi wanapokwama: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ucheki siku 3, Ujerumani 3, Ubelgiji 5, basi wewe ni wa Wabelgiji. Ukiongeza siku 4 Munich, kulekule Ujerumani, kwa tamaa, umehama ubalozi bila kujua, na karatasi zote zinaanza upya. Kwa hiyo mahesabu ya bia yamalizike kabla ya fomu. Wala usichomekee Dublin humo ndani, Ireland haimo Schengen na ina viza yake. Guinness walikodi kiwanja chao mwaka 1759 kwa miaka 9,000. Wewe unahangaikia siku 11.

Oktoberfest nayo, ile sherehe ya bia ya Munich! Jina Oktoba, lakini inaanza Jumamosi moja ya katikati ya Septemba na kufungwa siku za mwanzo za Oktoba. Ukifika tarehe 15 kwa kuamini jina, utawakuta mafundi wanabomoa mahema. Kuingia ni bure (neno hilo tena), ila lita moja mwaka 2025 iliuzwa kati ya yuro 14.50 na 15.80. Hiyo inapita shilingi 40,000, ndugu yangu, kwa glasi moja! Kitaa hela hiyo inanunulia meza nzima na bado chenji ya bodaboda. Ndani ya hema, huna kiti, huna bia, na meza huwekwa oda miezi kabla, kwa kundi la watu 10. Kama uko peke yako, nenda siku ya kazi asubuhi. Mimi Munich ya Septemba ningewaachia wenyewe.

Ningeanzia Plzeň, chini ya saa mbili kwa treni kutoka Prague. Mwaka 1838 wenyeji walimwaga hadharani mapipa 36 ya bia mbovu, wakajenga kiwanda, na 1842 Josef Groll akawapikia pilsner ya kwanza. Ugomvi wako utakuwa povu. Sisi kwetu glasi inalazwa upande, bia inateremka polepole, povu likizidi mhudumu anaulizwa kama lita zake ni za Mungu au za binadamu. Kule povu la vidole vitatu ni heshima, wanasema linailinda bia isiharibiwe na hewa. Na ipo staili inaitwa mlíko, yaani maziwa: karibu glasi nzima ni povu, unalinywa kwa mkupuo, unalipa.

Bamberg, Ujerumani, uende baa ya Schlenkerla. Kimea chao hukaushwa kwa moshi wa mti wa beech, na harufu ya ile bia nakuapia ni samaki wa moshi wa Mwanza. Glasi ya kwanza utatafuta ugali. Usikate tamaa hadi ya tatu. Kisha Köln, ila panga muda wa kupoteza: mwaka 2024 zaidi ya theluthi moja ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilichelewa, nasi tulizoea kuambiwa Mzungu na saa. Köln bia huja katika glasi ya mililita 200, kama ya dawa ya kikohozi, na mhudumu anakuletea nyingine bila kuitwa, anachora mstari kwenye kikadi. Kumzuia, funika glasi kwa hicho kikadi. Usipofunika anaendelea, na mistari inahesabika.

Ubelgiji ndiko penyewe. Cantillon, kiwanda cha bia cha Brussels tangu 1900, hawatii hamira. Uji wa kimea unalazwa usiku kucha kwenye beseni pana la shaba chini ya paa, hamira ya hewani inaingia yenyewe, ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu. Mtu wa Iringa aliyekulia kwenye ulanzi hatashangaa hata ule uchachu.

Watawa wa Westvleteren huuza bia yao kwa oda ya mtandaoni, ufuate na gari. Huna gari? Treni inaishia Poperinge, panda teksi, kunywa mkahawani In de Vrede mbele ya abasia. Kizibo cha njano ndicho cha bia yao iitwayo 12, kilevi asilimia 10.2. Kachupa ka sentilita 33 kana kilevi kuliko Kilimanjaro ya nusu lita, mara moja na nusu, kwa hiyo kale ka tatu kafikirie mara mbili. Na hainywewi ya barafu: nyuzi 12 hadi 16. Wazee wanaoagiza "ya moto" baa zetu huchekwa na vijana. Kumbe walikuwa sambamba na abasia.

Kurudi, chupa ziende begi la chini. Moja iliyojaa inapita nusu kilo, kwa hiyo kreti ya 24 inakula zaidi ya kilo 12 kati ya 23 za begi moja. Viringisha kila moja kwenye soksi. Halafu fungua akaunti yako ya maili uone safari nzima imekuingizia ngapi. Sifuri. Tiketi ya maili haizai maili.