Tiba bora au tiba ambayo familia inaimudu?

Kati yetu madaktari tunaotibu mbwa na paka kuna mabishano ambayo hayaishi. Mgonjwa akifika, je, tuiambie familia tiba iliyo bora kabisa na tusishuke hapo, au tutafute kile wanachoweza kulipia? Wapo wanaosema kwamba kiwango cha tiba ni kimoja, na anayekishusha anampunja mnyama asiyeweza kujitetea. Wengine wanasema tiba isiyofikika haimponyi yeyote. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa wa kwanza wana hoja, na baadhi ni nzito.

Chukua paka dume aliyezibwa mkojo. Kila baada ya dakika chache anaingia kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, analia, na hakitoki kitu. Nyumbani hudhani amefunga choo, wakangoja hadi kesho yake. Ukimpapasa tumboni unakutana na kibofu kigumu kama chungwa bichi, na ukikigusa tu anageuka kukung'ata. Kadiri saa zinavyopita potasiamu inapanda kwenye damu, mapigo ya moyo yanapungua, na asipozibuliwa hufa ndani ya siku mbili tatu. Tiba iliyozoeleka ni kumpa dawa ya usingizi, kumpitishia mpira wa mkojo, kumtundikia dripu na kumlaza kliniki huku damu yake ikipimwa tena na tena. Gharama ni kubwa. Familia nyingi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama kwenye meza ya uchunguzi, watoto wakisikiliza.

Kwa muda mrefu familia iliyoshindwa gharama hiyo ilibakiwa na sindano ya kumpumzisha milele tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya paka 15 ambao wamiliki wao hawakuweza kulipia tiba ya kawaida. Paka hao hawakuwekewa mpira. Walipewa dawa za kutuliza na za maumivu, mkojo ukavutwa kwa sindano kupitia tumboni, wakawekwa mahali patulivu. Kumi na mmoja kati yao walianza kukojoa wenyewe na kurudi nyumbani. Kwa wanne ilishindikana, na baadhi yao mkojo ulivujia tumboni.

Anayetetea kiwango kimoja akiona wanne kati ya 15, anaona hatari isiyokubalika, na ukilinganisha na mpira yuko sahihi. Lakini paka hao hawakuwa wanasubiri mpira. Walikuwa wanasubiri kufa. Nadhani mabishano yetu mengi yanakwama hapa: tunaipima tiba nafuu kwa tiba bora, wakati ndani ya chumba, mbele ya watu wenye fedha waliyonayo, kinachoshindana nayo ni kutotibiwa kabisa.

Parvo ya mbwa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Mtoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu, anaishiwa maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado uliochapishwa mwaka 2017 uligawa mbwa 40 mafungu mawili. Wote walirudishiwa maji kwanza kupitia mshipa. Kisha nusu wakatibiwa kama wagonjwa wa kulazwa, na nusu kwa utaratibu wa wagonjwa wa nje: maji chini ya ngozi, sindano moja ya antibayotiki inayodumu mwilini kwa siku nyingi, na sindano ya kila siku ya kuzuia kutapika. Waliopona ni asilimia 90 kwa kundi la kwanza na asilimia 80 kwa la pili. Tofauti hiyo si ndogo kwa familia ambayo mbwa wake yumo kwenye ile asilimia kumi iliyo katikati. Hata hivyo, ni mbali sana na kumrudisha mbwa nyumbani mikono mitupu.

Sasa hoja za wanaotetea kiwango kimoja. Ya kwanza inanigusa zaidi: tiba nafuu humfanya daktari akisie mfuko wa mtu kwa kumtazama viatu. Mzee amekuja na nguo za shamba, daktari akameza kimya habari ya upasuaji, kumbe mzee yule angeuza kitu chochote amponye mbwa wake. Huko ni kumvunjia mtu heshima, na dawa yake ni kutaja njia zote kwa kila mtu, kila moja na bei yake, bila kumchagulia.

Hoja ya pili ni kwamba vingine vinavyoitwa tiba nafuu si tiba. Mbwa amevunjika paja, anafungwa bendeji na banzi. Banzi halishiki paja, kwa sababu haliwezi kuvuka kiungo cha nyonga. Linaning'inia kwenye goti na kuuvuta mfupa uliovunjika. Familia imelipa kidogo na mnyama ameumia zaidi. Hapo nakubaliana nao moja kwa moja. Ila jibu si lazima liwe bamba la chuma na skrubu. Kuukata mguu ni upasuaji mmoja, huwa na gharama ndogo zaidi, na mbwa na paka wengi hukimbia vizuri kwa miguu mitatu. Familia huogopa kulisikia neno hilo kuliko mnyama anavyoathirika nalo. Mstari nisiouvuka ni maumivu: njia yoyote isiyoyatuliza haistahili kutajwa.

Tena tusisahau familia inayoondoka bila chochote huenda wapi. Huenda kwenye kabati la dawa za nyumbani. Paka hana uwezo wa kuivunjavunja paracetamol mwilini kama sisi, na kidonge kimoja cha mtu mzima chaweza kumuua. Daktari aliyekataa kushusha kiwango hayupo pale kidonge kinapotolewa.

Kuna pia lile swali linaloulizwa karibu kila siku: “Daktari, angekuwa wako ungefanyaje?” Wenzangu wengine hulikwepa, wakihofia kulaumiwa baadaye. Naelewa hofu hiyo. Kumbukumbu za matibabu zikiandikwa vibaya, lawama huja kweli. Lakini anayeuliza hivyo mara nyingi keshaelewa njia zote. Anaomba asiachwe peke yake na uamuzi, hasa mume na mke wanapotofautiana, au mtoto anapolia pembeni. Mimi hujibu, kisha naandika kwenye faili nilichosema na walichochagua.

Udhaifu mkubwa wa tiba nafuu ni kwamba inaihamishia familia kazi ya uangalizi. Wao ndio watakaoona kwamba mtoto wa mbwa amelegea usiku, au paka amerudi kujikamua. Wakijua kila wakirudi watatozwa upya, watachelewa, na kuchelewa ndiko kunakoua. Kwa hiyo tiba ya namna hii ikitolewa, bei ya kwanza iwe imeshabeba ndani yake uchunguzi wa marudio, na waambiwe hivyo kabla hawajatoka mlangoni.