Dhahabu ya Geita: soko limepatikana, tija bado

Kabla ya mwaka 2019, mchimbaji mdogo wa Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, aliyebahatika kupata gramu chache aliziuza kwa mnunuzi aliyemfuata machimboni, kwa bei aliyopangiwa, na dhahabu nyingi ya namna hiyo ilivuka mipaka kwa magendo. Mwaka huo serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua pia masoko ya madini, la Geita likitangulia mwezi Machi. Siku hizi dhahabu hupimwa mbele ya mwenyewe na bei hufuata soko la dunia. Hayo ni mafanikio ya kweli, ila soko humfaa aliyekwisha kushika dhahabu mkononi.

Wapo wanaoshikilia kwamba tija iko kwenye migodi mikubwa. Mgodi wa GGM (Geita Gold Mine), uliofunguliwa mwaka 2000, una jiolojia, mitambo na mtaji wa kukamua karibu dhahabu yote iliyomo kwenye mwamba, hulipa mrabaha, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 kampuni za migodi hutakiwa kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa huduma kwa jamii. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mgodi wa aina hiyo huajiri watu kwa maelfu, ilhali uchimbaji mdogo nchini unakadiriwa kuwabeba zaidi ya watu milioni moja, na fedha yake huzunguka papo hapo, kwa mama lishe, fundi wa karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na mwenye bodaboda.

Udhaifu wa uchimbaji mdogo huonekana mawe yakishasagwa. Unga huoshwa, zebaki hunasa dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki itoke, mara nyingine na mtu asiye na hata kitambaa puani. Njia hiyo mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwemo. Inayobaki imo kwenye mchanga uitwao marudio, ambao aghalabu huachwa kwa mwenye karasha au huuzwa kwa bei ya chini, na mwenye mtaji huuchenjua, yaani huitoa dhahabu iliyobaki, kwa kemikali ya sayanaidi. Mchimbaji aliyeshuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, amekwishalipwa na kuondoka. Kwa hiyo siafiki wanaozungumzia tija na ujumuishi wa maskini kama mambo mawili ya kuchagua moja, kwa sababu hapa tija duni ndiyo inayomtoa maskini kwenye mgawo. Mama anayeponda mawe kwa nyundo yuko mbali zaidi, kwani viroba vya mawe vikigawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, yeye hupewa ujira wa siku tu.

STAMICO, shirika la madini la taifa, imenunua mitambo ya kuchoronga miamba ili kujua dhahabu iliko, kwa ajili ya wachimbaji wadogo, hatua ninayoiunga mkono, ingawa faida yake humfikia kwanza mwenye leseni. Wengine wanapendekeza vikundi vipewe mitambo yao ya sayanaidi. Nasita, maana kemikali hiyo ikivuja huua mifugo na kuharibu visima, na usimamizi wake ni wa gharama. Ningeanza na maabara ya umma karibu na makarasha, ili sampuli ya marudio ipimwe kwa bei nafuu kabla ya kuuzwa, mchimbaji na mama mponda mawe wajue gramu zilizomo, na mgao wao wa marudio uandikwe kwenye mkataba kabla jiwe la kwanza halijatolewa.